Nimeficha Kisanduku Kipya cha Gari, Shemeji Asikione

Kaa Tuongee na Mama Susana

Mama Susana mpendwa,

Nakusalimu kutoka Koboko na ninakuomba unishike mkono, maana jambo lililonikaa moyoni ukilisikia utacheka na kusema mwanamke huyu amekosa shida, kwa sababu ni jambo la gari, tena si gari zima, ni kisanduku kimoja cha bati kinachokaa chini ya dashibodi, lakini nakuomba usicheke mpaka umalize kusoma, kwa sababu mimi mwenyewe nimeacha kucheka siku nyingi.

Jina langu ni Rosa Kiden, mama Asiku. Nauza samaki wakavu na vitenge sokoni, na nina gari dogo la Kijapani ambalo mwanangu Asiku, anayefanya kazi Kampala, alinisaidia kulinunua likiwa limeshatumika. Dereva wangu Kamisi huliendesha kwenda Arua na kurudi, amebeba abiria na mizigo yangu. Mume wangu Yakani alikuwa dereva wa lori na alifariki tukiwa ukimbizini Sudan, tukavuka kurudi nyumbani bila yeye, na sasa ni gari hili ndilo linalonilisha mimi na wajukuu. Fundi wa gari hili ni Jada, na hapo ndipo shida yangu inapoanzia.

Jada si ndugu wa damu. Alikuwa utingo wa Yakani, kisha akawa fundi wake, na wakapendana mpaka watu wakasahau kwamba hawakuzaliwa nyumba moja, kwa hiyo mimi namwita shemeji na yeye ananiita shemeji, na mke wake Kulusum namwita dada. Mwaka ule wa sabini na tisa serikali ilipoanguka na watu wa huku tukaanza kukimbilia Kaya, upande wa Sudan, Yakani alipakia mtaa wetu wote kwenye lori la tajiri wake, wagonjwa, kuku, masufuria, hata cherehani ya mama mkwe wangu, na kabla hatujafika Oraba mpakani lori likazima kabisa, betri hazina hata nguvu ya kuwasha taa, na nyuma yetu tunasikia milio ambayo sitaki kuikumbuka. Jada akaruka chini, akakimbia kurudi nyuma mpaka kwenye lori jingine lililoachwa kando ya njia, akarudi na betri mbili, na kwa kuwa hazikukaa imara mahali pake Yakani akavua mkanda wake, ule mpana aliopewa zamani alipokuwa jeshini, akazifunga pamoja, akatoboa tundu jipya kwa msumari ili mkanda ukaze, wakaunganisha nyaya na lori likawaka. Mama Susana, nimesikia kwaya nyingi za Pasaka katika maisha yangu lakini sijasikia sauti tamu kama lile lori siku ile, na mama mkwe ambaye hakuwahi kumsifu mtu akasema, huyu Jada leo amekuwa mtoto wangu.

Tangu siku hiyo Jada hakuachana na betri mbili zilizofungwa mkanda. Betri zenyewe si zile, amezibadilisha mara nyingi, lakini mkanda ni uleule na tundu ni lilelile la msumari wa Yakani. Kule Morobo tulipoishi kwenye nyumba za nyasi, betri hizo ndizo zilizoamsha malori ya misaada asubuhi, na Jumapili zinawasha redio tukacheza mpaka vumbi linapanda, na Yakani anacheza huku ameshika suruali kwa mkono mmoja, kwa sababu mkanda uko kazini na yeye amejifunga kamba ya katani, na wanawake tulimcheka mpaka machozi. Hivi nani angeamini kwamba siku moja nitaukumbuka ukimbizi kwa utamu? Tulikuwa na njaa na mbu, lakini Yakani alikuwepo. Homa ilimchukua huko huko, na kaburi lake liko ng'ambo ambako vita haviniruhusu kwenda kupalilia.

Tuliporudi, gari lolote la Koboko lililokataa kuamka asubuhi liliitiwa Jada, naye anakuja na toroli lake, betri mbili ndani yake, anaunganisha, gari linanguruma, na mara nyingine taa inapasuka, tunacheka, mwenye gari ananunua taa nyingine, maisha yanaendelea. Hakuna aliyejua njia nyingine na hakuna aliyeitafuta.

Sasa sikiliza jinsi gari langu lilivyougua. Msimu wa mvua Kamisi alisahau taa zinawaka, asubuhi betri ikawa imekwisha na abiria wameshakaa. Jada akaja na toroli, akaniambia, "Shemeji, hii gari iko na usingizi tu. Leta chai, mimi naamusha yeye." Akaunganisha, gari likaamka kwa nguvu hata wanawake wa soko wakapiga makofi. Lakini tulipopita Maracha likaanza kukohoa na kutoa moshi mweusi, na taa moja ya njano kwenye dashibodi ikawaka ikakataa kuzima, na tulipofika Onduparaka likafa katikati ya barabara, vijana waliokuwa wanatoka kwenye mpira wakatusukuma huku wanatutania kwamba gari la mama limechoka kuliko timu ya wageni. Jada alipoletewa gari alitazama ile taa ya njano kwa muda, kisha akaitoa. Akaniambia, "Sasa imenyamaza."

Haikunyamaza. Kila likikataa kuwaka Jada analeta betri zake, linawaka, linakwenda siku chache, halafu linazidi kuwa bovu. Mwisho akaingia chini ya dashibodi akakitoa hicho kisanduku, ambacho vijana wanakiita kompyuta ya gari, akakifungua, akanusa, akasema kinanuka kuungua, akapasha chuma kwenye sigiri yangu ya mkaa, akachomelea kwa risasi ya kulehemu, na kwa sababu alihisi kimeingia unyevu akakianika juani kwenye mkeka wangu pamoja na mihogo, nami nikakaa hapo kufukuza mbuzi, mbuzi wasile mihogo wala kompyuta. Kilipokauka akakirudisha na gari likaenda, nikamshukuru Mungu, na wiki haikuisha likafa tena. Abiria wameanza kuniogopa, na Kamisi ana mke na watoto, naona anatafuta gari jingine la kuendesha na simlaumu.

Nikamwambia Jada kwamba wengine wanasema kibadilishwe. Akanijibu polepole, bila hasira, "Shemeji, gari iko injini. Hii sanduku iko kitu ya redio. Gari ya Yakani haikukuwa na sanduku, na ilifika Yei." Akasema akishindwa kabisa ataung'oa umeme wote wa Wajapani afunge kabureta ya magari ya zamani. Nikammiminia chai nyingine. Mtu aliyenivusha Kaya nitamwambiaje kwamba hajui gari?

Basi nikafanya kwa siri. Nilikwenda na Kamisi tukalikokota gari mpaka Arua, kule mtaa wa Oli, kwa kijana anayeitwa Dramadri ambaye magari haya mapya ndiyo kazi yake, nami nikamdanganya Jada kwamba limekwenda kupakwa rangi. Dramadri akapima kwa mashine yake ndogo yenye mshale, akasema kompyuta imekufa, haitengenezeki, nitafute nyingine yenye namba zilezile zilizoandikwa ubavuni. Halafu akaniuliza, "Mama, nani alishika hii gari kabla ya mimi?" Nikamwambia hakuna mtu. Akanitazama, akaniuliza tena, nami nikarudia hakuna mtu, gari limekufa lenyewe, kwa sababu sikutaka jina la shemeji litajwe kwa kucheka katika gereji ya watoto.

Asiku amekipata kisanduku Kampala kwenye gari lililopata ajali, namba ni zenyewe, na amenitumia. Sasa kiko chumbani kwangu ndani ya sanduku la nguo, nimekifunga kwa kitenge nilichovaa siku ya harusi yangu, na kila nikifungua kutoa nguo naona kama nimeficha mtu. Nimepanga hivi: mwisho wa mwezi Jada na Kulusum wanakwenda Ludara kwenye harusi ya mpwa wao. Wakiondoka tu, Kamisi atalipeleka gari Oli, Dramadri atafunga kisanduku kipya, na Jada akirudi nitamwambia kwamba ile kazi yake ya risasi ndiyo hatimaye imeshika. Atafurahi. Gari litakwenda. Hakuna atakayeumia.

Lakini silali vizuri, na sasa naomba nikuambie jambo ambalo sijamwambia hata padri. Jada akifungua boneti, mdomo wake nao unafunguka. Mimi naleta chai, naketi kwenye kreti la soda, naye kichwa kiko ndani ya injini anasimulia, Yakani alisema hivi, Yakani alikuwa anashika gia hivi, unakumbuka siku Yakani alipompa lifti kasisi na mbuzi wake. Mambo mengine nimeyasikia mara nyingi na mengine sijawahi kuyasikia, na kila akisimulia jipya naona kama mume wangu ameniletea zawadi. Wanangu walikuwa wadogo, hawamkumbuki. Mama mkwe amekufa. Amebaki Jada. Gari likipona kabisa, Jada atakuja kwangu kufanya nini? Mimi ni mjane na yeye ni mume wa mtu, siwezi kumwita aketi uani kwangu hivi hivi tu, watu wa Koboko wana macho na midomo. Wakati mwingine nasikia gari linakohoa asubuhi na moyo wangu unafurahi, na mara hiyo hiyo naona aibu, kwa sababu wajukuu wanahitaji ada na mimi nafurahia moshi.

Naomba uniambie, nifunge kisanduku hiki kwa siri ili shemeji asiumie, au nimwache afunge kabureta yake niendelee kumsikiliza? Akili yangu imefika mwisho.

Ni mimi, mama Asiku.

JIBU

Rosa, mama Asiku,

Jibu hili linakuja kwako kwanza, kwa mkono wa mzee Ocokoru, dereva anayepeleka gazeti letu Koboko. Gazetini halitoki mpaka uniletee neno. Ningeweza kubadilisha jina lako, lakini Koboko nzima inazijua betri zenye mkanda, na bila mkanda hakuna barua.

Nimesoma na nimelia, nakuambia wazi. Na mimi nilipita Oraba mwaka ule, kwa miguu, na kikapu kichwani, na malori yalitupita. Huenda moja lilikuwa lenu. Kwa hiyo usifikiri nakugombeza kwa sababu sijui unachokizungumza. Nakugombeza kwa sababu nakijua.

Tuanze na gari. Nilimsomea Ocokoru barua yako kwa sababu ameendesha kila kitu chenye magurudumu katika mkoa huu wa West Nile. Nilipofika kwenye toroli na betri mbili alicheka. Nilipofika kwenye lile gari la Kijapani lililoamka kwa nguvu, akaacha kucheka, akasema, "Ni hapo. Jada aliua yeye hapo."

Nitakueleza alivyonieleza. Lori linataka betri mbili zilizounganishwa, ndiyo nguvu yake, na Jada alikuwa sawa kabisa siku ile ya Oraba na sawa kabisa kwa malori ya Morobo. Gari dogo linataka betri moja. Ukiliwekea mbili kwa pamoja umeliingizia umeme maradufu. Magari madogo ya zamani yalivumilia, yakapasua taa mkacheka, kwa sababu ndani hayakuwa na kitu cha kuungua zaidi ya taa. Hili lako lina kompyuta. Ile taa ya njano ilikuwa inawaambia gari linaumwa, na shemeji wako akaitoa kama mtu anayemziba mdomo mgonjwa. Kisha akaleta betri zilezile tena, na tena, kwa mapenzi yote.

Sasa tazama mpango wako mzuri. Jada yuko Ludara anakula wali wa harusi, Dramadri anafunga kisanduku kipya, gari linapona, Jada anarudi anasifiwa kwa kazi ya risasi. Asubuhi moja Kamisi atasahau taa tena, maana Kamisi ni Kamisi. Utamwita nani? Utasikia toroli linakuja, utachemsha chai, na kabla chai haijachemka kisanduku chako cha pili kitakuwa kimekufa. Siri yako haimlindi Jada, Rosa. Inamwandalia kosa lilelile.

Na Dramadri alikuuliza swali ambalo daktari humuuliza mama aliyeleta mtoto: amekula nini? Alikuuliza mara mbili. Wewe ukasema hakuna mtu. Fundi mzuri hafungi kompyuta mpya kabla hajajua ya kwanza iliuawa na nini, na wewe uliyejua ulimfungia mlango. Unaiita heshima. Mimi naiita woga uliovaa gauni la heshima, na mjini hapa nauona kila siku.

Usinielewe vibaya. Sikulaumu kwa kumpenda mtu aliyekuvusha. Nakulaumu kwa kumfanya mdogo. Mtu aliyekimbia kurudi kule milio inakotoka, akabeba betri kwa mikono, unafikiri atavunjika kwa kuambiwa kwamba gari hili linataka betri moja? Atanuna, ndiyo. Atasema Wajapani wameharibu magari. Huenda ataiacha chai yako ipoe. Lakini akija kujua baadaye kwamba ulimsifu kwa kazi ambayo si yake, na Koboko nzima inajua isipokuwa yeye, hapo ndipo utakuwa umempoteza, na Yakani wake utakuwa umempoteza pamoja naye.

Maana hilo ndilo unaloliogopa. Si gari. Umeshatuambia mwenyewe mwishoni mwa barua, baada ya kutuzungusha na mihogo na mbuzi. Mtu mzima, mama wa watoto, unahitaji gari bovu ili mgeni aje nyumbani? Kulusum unamwita dada. Basi mwite dada. Mwambie Jumapili napika kisamvu na samaki wa kukaanga, njoo na mume wako. Nani atasema neno, mke akiwa ameketi hapo hapo? Waite wajukuu wakae karibu, Asiku akija kutoka Kampala naye akae, na umwambie Jada asimulie ya kasisi na mbuzi. Hizo habari unazisikiliza peke yako kwenye kreti la soda, na wanao hawamkumbuki baba yao, na wajukuu wapo ndani wanaosha vyombo. Hapo umekuwa mchoyo, dada yangu, na ninakusamehe, lakini acha.

Sasa fanya hivi. Usingoje harusi ya Ludara. Kitoe kisanduku kwenye hicho kitenge, kiweke mezani mchana kweupe, mwite Jada na Kulusum, umwambie yote: Oli, rangi ya uongo, Asiku, kila kitu. Usimwambie kwamba amezeeka wala kwamba magari yamemshinda. Mwambie alichosema Ocokoru, kwamba mbili ni za lori na moja ni ya gari dogo. Yeye ni fundi, ataelewa haraka kuliko wewe na mimi tulivyoelewa. Kisha mwende Arua pamoja, Jada akiwa amekaa mbele kwa Kamisi. Kwa Dramadri useme ukweli wa betri kwa mdomo wako mwenyewe, Jada asiachiwe kuusema. Na umwombe Dramadri, kwa adabu ya kijana kwa mkubwa, ampe Jada afunge kwa mkono wake. Ocokoru anasema si kazi ngumu: unatoa kwanza waya wa hasi kwenye betri, unahakikisha namba zinafanana, unachomoa soketi za cha zamani bila kuvuta nyaya, unachomeka cha kipya, unakaza skrubu, unarudisha waya. Na ile taa ya njano irudishwe mahali pake, isemapo isikilizwe.

Usiogope kwamba Jada atakosa kazi. Fungua macho utazame barabara inayopita Koboko kwenda mpakani. Ni malori asubuhi hadi jioni, na kila lori linataka betri mbili na mtu anayejua kuziunganisha. Huyo mtu mnaye, na mnampotezea muda kwenye gari la samaki.

Limebaki moja. Kwetu mtu akifa, matanga yakiisha, nguo zake hugawiwa ndugu zake. Naamini ulifanya hivyo kule Morobo, shati huyu, koti yule. Mkanda haukugawiwa kwa sababu ulikuwa kazini. Umekuwa kazini miaka yote hii. Betri za lori zinaweza kufungwa kwa kamba yoyote ya dukani, kwa hiyo Jumapili hiyohiyo, mbele ya Kulusum na wajukuu, ufungue mkanda wewe kwa mkono wako, uufute grisi, umpe Jada avae. Mama mkwe wako alishasema yule ni mtoto wake. Kinachobaki ni wewe kumpa urithi wake.

Ni mimi, Mama Susana.

Limechapwa kwa ruhusa ya mama Asiku na ya fundi Jada wa Koboko, ambaye ameomba wasomaji wajue kwamba anapokea malori ya kila aina, na kwamba tundu la msumari kwenye mkanda linamtosha.